Kurudisha Nguvu za Misuli Bila Kuuangusha Moyo: Mwongozo Kamili kwa Watoa Dawa ya Usingizi

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko mengine yote kutoka kwa wauguzi na matabibu wa usingizi ni hili: upasuaji umekwisha salama, mgonjwa amepewa neostigmini na atropini ili misuli iliyolegezwa kwa dawa irudishe nguvu, kisha ndani ya dakika chache mapigo ya moyo yanashuka hadi 40, au 35, au mstari wa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, unanyooka kabisa; kosa liko wapi? Makosa yanayosababisha hali hiyo ni mengi, lakini karibu yote hufanyika katika dakika tano kabla ya sindano na dakika kumi baada yake, wakati ambao timu nzima imekwisha kuanza kukusanya vifaa na kuulizia mgonjwa anayefuata.

Mwongozo huu ni wa waliokwisha kufunzwa kutoa nusu kaputi, nao hauchukui nafasi ya itifaki ya kituo chako. Vipimo vyote ni vya mtu mzima, isipokuwa pale nilipotaja watoto.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Neostigmini, pamoja na atropini au glikopirolati. Sugamadeksi, dawa nyingine ya kurudisha nguvu za misuli, kama kituo chako kinayo.
- Atropini ya ziada, angalau mg 3, iliyowekwa mbali na ile utakayoichanganya na neostigmini.
- Adrenalini mg 1 iliyochanganywa katika ml 100 za maji ya chumvi, ili kila ml 1 iwe na maikrogramu 10. Andika lebo kubwa. Weka pembeni ampuli nyingine ambazo hazijafunguliwa.
- Bomba la sindano la ml 20 lenye maji ya chumvi ya kusukumia dawa.
- ECG, oksimita (kipimo cha oksijeni katika damu) yenye sauti iliyofunguliwa, mashine ya presha, na kapnografi (kipimo cha kaboni dioksidi katika pumzi) kama ipo.
- Kifaa cha kuchochea neva, kama kipo.
- Ambu (mfuko wa kupumulishia kwa mkono), mashine ya kufyonza, vifaa vya kuweka mrija wa hewa upya, na difibrileta (kifaa cha kuushtua moyo kwa umeme) iliyojaribiwa asubuhi hiyo.
- Plasta na kalamu ya kuandikia lebo. Usivipuuze, kwa sababu mabomba mawili ya dawa isiyo na rangi hayatofautiani kwa macho.

## Moyo unavyodhurika

Neostigmini huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Asetilikolini ikijaa kwenye makutano ya neva na misuli huishinda dawa ya kulegeza, na misuli hurudisha nguvu. Lakini haijai hapo peke yake. Hujaa pia pale neva ya vagasi inapougusa moyo, na huko kazi yake ni kupunguza mwendo, kuzuia umeme wa moyo usishuke kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini, na mara chache kuusimamisha moyo wenyewe. Ndiyo maana neostigmini haitolewi bila atropini au glikopirolati.

Sugamadeksi haigusi asetilikolini. Huizingira molekuli ya rokuroniamu au vekuroniamu, dawa mbili za kulegeza misuli, na kuifungia ndani yake. Wengi hudhani kwamba kwa sababu hiyo moyo umesalimika, nao wanakosea: maelezo rasmi ya dawa hiyo yanaonya juu ya mapigo kushuka sana ndani ya dakika chache, na baadhi ya wagonjwa hao moyo ulisimama. Dawa hii iliidhinishwa Ulaya mwaka 2008, lakini Marekani haikuikubali hadi Desemba 2015, na kilichoichelewesha ni wasiwasi juu ya mzio. Kati ya watu 299 wenye afya waliojitolea kuchomwa, mmoja alipata mzio mkali wa mwili mzima, naye alikuwa katika kundi la kipimo kikubwa cha mg 16 kwa kilo. Jambo la kuzingatia ni kwamba ilikuwa sindano yake ya kwanza. Mgonjwa anaweza kupata mzio huo bila kuwahi kuiona dawa hiyo.

Njia ya tatu ni adimu, nayo huwachanganya hata wenye uzoefu. Mzio unaweza kubana mishipa inayoulisha moyo damu, mgonjwa akapata dalili za mshtuko wa moyo ilhali mishipa yake haina mafuta yaliyoiziba. Hali hiyo huitwa sindromu ya Kounis, kwa jina la daktari Mgiriki Nicholas Kounis aliyeieleza mwaka 1991, na imeripotiwa baada ya sugamadeksi.

Iko hatari ya nne, ambayo husahaulika kwa sababu tunakodolea macho mapigo yaliyoshuka: atropini yenyewe huyapandisha. Nitairudia hapa chini, kwa sababu katika nchi zetu homa ya baridi yabisi bado inaharibu vali za moyo za vijana.

## Hatua ya 1: Mtambue mgonjwa wa hatari kabla hajalala

Uliza dawa anazotumia. Dawa za moyo, yaani betabloka kama propranololi na atenololi, pamoja na digoksini, humfanya mgonjwa aanze safari akiwa tayari na mapigo ya chini, na atropini ya kipimo cha kawaida inaweza isitoshe. Uliza kama amewahi kuzimia ghafla. Soma ECG yake kama ipo, ukitafuta umeme wa moyo uliozuiwa njiani au QT (muda wa umeme katika vyumba vya chini vya moyo) iliyorefuka, kwa sababu neostigmini ikiwa pamoja na atropini inaweza kuirefusha QT zaidi. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, usimrundikie dakika hiyo hiyo ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika ambayo nayo huirefusha QT.

Sikiliza kifua kwa makini. Mwanamke wa miaka 28 anayekuja kwa upasuaji wa dharura na anayesema huchoka akipanda mlima anaweza kuwa na vali ya mitrali (iliyo kati ya vyumba vya kushoto vya moyo) iliyobana. Moyo wake unahitaji muda mrefu kati ya pigo na pigo ili damu ipite kwenye tundu dogo. Ukimpa atropini kwa haraka na mapigo yakafika 150, damu hurudi nyuma, mapafu hujaa maji, na utajikuta unahangaika na povu kwenye mrija. Kwake glikopirolati ni bora kwa sababu hupandisha mapigo kwa upole zaidi. Isipokuwapo, toa mchanganyiko polepole sana, au mwache aendelee kupumuliwa na mashine hadi dawa ya kulegeza iishe yenyewe.

Mgonjwa aliyepandikizwa moyo ni wa peke yake. Neva za moyo huo zilikatwa, hivyo atropini haiwezi kutegemewa kupandisha mapigo, lakini neostigmini bado imeripotiwa kuusimamisha. Msaada wake ni dawa zinazougusa moyo moja kwa moja, kama adrenalini, na kifaa cha kuupiga moyo kwa umeme. Usimpe neostigmini pasipo vitu hivyo.

Hatua imekamilika ikiwa unaweza kumweleza mwenzako, kwa sentensi moja, ni kwa nini mgonjwa huyu atapewa dawa hii na si ile.

## Hatua ya 2: Soma ampuli, kisha ndipo upige hesabu

Ampuli za neostigmini ziko za mg 0.5 na za mg 2.5, zote za ml 1, na kwa haraka zinafanana. Katika kituo kimoja nilichokwenda kufundisha, shehena ilikuwa imebadilika wiki hiyo bila mtu kutangaza. Fundi wa usingizi, aliyezoea ampuli za mg 0.5, alivunja tano kama alivyofanya kwa miaka. Zilikuwa za mg 2.5. Aliyemwokoa ni mwanafunzi aliyeuliza, kwa aibu kidogo, kwa nini ampuli mpya zina mstari wa rangi tofauti. Bomba lile lilikuwa na mg 12.5, zaidi ya mara mbili ya kikomo.

Kipimo cha neostigmini ni mg 0.03 hadi 0.07 kwa kilo, na jumla haizidi mg 5 hata mgonjwa awe mzito kiasi gani. Kwa kazi nyingi mg 0.05 kwa kilo hutosha. Atropini ni mg 0.02 kwa kilo. Glikopirolati ni mg 0.2 kwa kila mg 1 ya neostigmini.

Ikiwa ampuli ya neostigmini ni ya mg 2.5 kwa ml na ya atropini ni ya mg 1 kwa ml, hesabu zote mbili huangukia namba moja: uzito mara 0.02 ndiyo mililita za kila dawa. Mgonjwa wa kilo 60 atapata ml 1.2 za neostigmini, yaani mg 3, na ml 1.2 za atropini, yaani mg 1.2. Kwa mtoto, ongeza maji ya chumvi katika kila ampuli hadi ml 10, kila moja katika bomba lake, kisha zidisha uzito kwa 0.2. Mtoto wa kilo 12 atapata ml 2.4 kutoka kila bomba, kiasi kinachopimika bila kukodoa macho.

Onyo: njia hii ya mkato hufa mara tu ampuli ikiwa na nguvu nyingine. Ziko atropini za mg 0.6, na kwa hizo sharti upige hesabu upya. Usimpe mtu mzima atropini iliyo chini ya mg 0.5, kwa sababu kiasi kidogo kinaweza kuyashusha mapigo badala ya kuyapandisha.

Hatua imekamilika ikiwa mabomba yana lebo zenye jina la dawa na nguvu yake kwa ml, na mtu wa pili ameisoma ampuli kwa sauti.

## Hatua ya 3: Subiri misuli ianze kurudi yenyewe

Neostigmini haina uwezo wa kuvunja mlegeo mzito. Kimeng'enya kikishazuiwa chote, kipimo cha pili hakiongezi nguvu mkononi wala kifuani; kinachoongezeka ni mzigo kwa moyo. Hapa ndipo inapotokea ile hali ya mgonjwa kupewa mg 5, kubaki amelegea, kuongezewa nyingine, kisha mapigo kuporomoka.

Ukiwa na kifaa cha kuchochea neva, weka elektrodi kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole kidogo na uangalie kidole gumba. Kikijibu mara nne kwa vichocheo vinne, unaweza kuendelea. Ikiwa majibu yote manne yana nguvu na huhisi kufifia, mg 0.03 kwa kilo inatosha, na atropini ipungue kwa uwiano uleule bila kushuka chini ya mg 0.5. Miongozo ya chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani ya mwaka 2023 inataka kipimo cha namba, ambapo jibu la nne lifikie asilimia 90 ya la kwanza kabla ya kutoa mrija, na inaikubali neostigmini pale tu mlegeo uliobaki ni mdogo.

Pasipo kifaa, tegemea saa na macho: muda uliopita tangu kipimo cha mwisho cha dawa ya kulegeza, na mgonjwa kuanza kuvuta pumzi mwenyewe. Mgonjwa ambaye hajaonyesha dalili yoyote aendelee kupumuliwa. Dakika ishirini za kusubiri ni kero kwa ratiba, na najua daktari wa upasuaji atakuja kuchungulia mlangoni, lakini hazijawahi kumsimamisha mtu moyo.

## Hatua ya 4: Ondoa visingizio vya moyo kushuka

Kabla ya kuchoma, hakikisha oksijeni katika damu iko juu ya asilimia 95 na mgonjwa anapumuliwa vya kutosha. Ukosefu wa oksijeni hushusha mapigo, kwa watoto hasa, na neostigmini ikikuta moyo wenye njaa ya oksijeni huumalizia.

Kama unatumia halothani, mvuke wa usingizi ambao bado upo katika baadhi ya vituo, ufunge mapema na uuache utoke. Halothani yenyewe hupunguza mapigo, na zaidi ya hapo huufanya moyo uwe mwepesi kuvurugika ukilazimika kutoa adrenalini. Fentanili, dawa ya maumivu, nayo hushusha mapigo, kwa hiyo kumbuka umeitoa lini.

Kisha kagua dripu. Hili halimo katika vitabu vingi, lakini mimi nimeliona likifanyika zaidi ya mara moja: kanula iko mkono uleule wenye kitambaa cha presha, dripu imefungwa kwa sababu chupa inakaribia kuisha, na atropini inachomwa kwenye mpira wa juu. Dawa hiyo haijafika kwa mgonjwa. Imelala kwenye mpira. Neostigmini inachomwa karibu na kanula na kuingia peke yake. Dakika mbili baadaye mapigo yanashuka, mtu anaapa kwamba atropini alishatoa, na kweli alitoa, ila mgonjwa hakuipata.

Hatua imekamilika ikiwa dripu inatiririka wazi, kitambaa cha presha kiko mkono mwingine, na namba za mwanzo za mapigo na presha zimeandikwa.

## Hatua ya 5: Toa dawa

Ninapendekeza neostigmini na atropini zichanganywe katika bomba moja la ml 10, na nafasi iliyobaki ijazwe maji ya chumvi. Zikiwa bomba moja, haiwezekani kusahau mojawapo. Sukuma polepole, usipungue dakika 1, na kwa mgonjwa wa hatari uchukue dakika 3 hadi 5 ukitazama ECG, si mkono wako. Mwisho wake pitisha ml 20 za maji ya chumvi.

Ukitoa sugamadeksi, kipimo ni mg 2 kwa kilo pale angalau jibu la pili la kidole gumba limerudi, na mg 4 kwa kilo mlegeo ukiwa mzito zaidi. Kipimo cha mg 16 kwa kilo ni cha dharura peke yake, muda mfupi baada ya kipimo kikubwa cha rokuroniamu, pale ambapo mgonjwa hapumuliki. Haifanyi kazi juu ya dawa nyingine za kulegeza kama atrakuriamu na suksametoniamu, kwa hiyo kuitoa huko ni kumpa mgonjwa hatari bila faida. Atropini haihitajiki kutangulia, lakini lazima iwe imevutwa kwenye bomba na iko karibu.

Onyo: usitoe mrija wa hewa dakika ileile unayomaliza kuchoma. Neostigmini hufika kilele chake kati ya dakika ya saba na ya kumi.

## Hatua ya 6: Dakika kumi za kusikiliza

Atropini huanza kazi ndani ya dakika moja hivi, na neostigmini huja nyuma yake. Kwa hiyo jambo la kwanza utakaloliona ni mapigo kupanda, labda kutoka 78 hadi 110. Watu hufurahi, muuguzi anaanza kubandua elektrodi kifuani, mwingine anapunguza sauti ya oksimita kwa sababu inawapigia kelele. Kisha mapigo yanaanza kurudi: 100, 88, 70. Huu ndio wakati neostigmini inapofika. Mara nyingi huishia kwenye 60 au 70 na hapo hutulia. Kwa wachache hayasimami.

Simama kichwani kwa mgonjwa, kidole kikiwa kwenye mshipa wa shingo au wa mkono, na sikio kwenye oksimita. Sauti ya oksimita hubeba habari mbili: nafasi kati ya mlio na mlio ni mwendo wa moyo, na mlio unaozidi kuwa mzito ni oksijeni inayoshuka. Milio ikianza kuachana, hesabu. Pima presha kila dakika katika dakika hizi kumi, si kila dakika tano.

Glikopirolati huleta picha tulivu zaidi, kwa kuwa kuanza kwake kunakaribiana na kwa neostigmini.

Baada ya sugamadeksi, dakika tano za kwanza ndizo za moto: mapigo yanayoshuka ghafla, presha inayoporomoka, kifua kinachokuwa kigumu kupumulisha, au namba ya kaboni dioksidi kwenye kapnografi inayoshuka bila wewe kubadilisha kitu. Ngozi yenye vipele huenda usiione kabisa, ama kwa sababu haipo au kwa sababu mgonjwa bado amefunikwa shuka. Lifunue.

Hatua imekamilika ikiwa dakika kumi zimepita, mapigo yako kati ya 60 na 100 au karibu na yalivyokuwa kabla ya usingizi, presha haijashuka, mgonjwa anapumua kwa kina na anafuata maagizo.

## Hatua ya 7: Mapigo yakishuka

Fanya haya kwa mpangilio huu, na sema kwa sauti unachokifanya.

1. Acha kusukuma dawa. Fungua oksijeni asilimia 100, funga mvuke wa usingizi, pumulisha kwa mkono. Kama mrija ulishatolewa, weka barakoa na ambu.

2. Gusa mshipa wa shingo. ECG inaweza kudanganya kwa elektrodi iliyobanduka; kidole hakidanganyi kirahisi.

3. Mapigo yakiwa chini ya 50 na presha inashuka, toa atropini mg 0.5 hadi 1, sukuma kwa ml 20 za maji, inua mkono. Rudia kila dakika 3 hadi 5, jumla isizidi mg 3.

4. Atropini isipojibu ndani ya dakika moja na presha inaendelea kushuka, usisubiri ya pili. Toa adrenalini maikrogramu 10 hadi 20, yaani ml 1 hadi 2 za mchanganyiko wako, na urudie kadiri mapigo yanavyojibu. Kama una kifaa cha kuupiga moyo kwa umeme kupitia ngozi, kiandae sasa.

5. Kama hakuna mpigo shingoni, anza kukandamiza kifua mara moja, kina cha sm 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na utoe adrenalini mg 1 nzima kila dakika 3 hadi 5.

Kwa mtoto, pumzi huja kwanza. Mapigo yakiwa chini ya 60 na mtoto amepauka hata baada ya kumpumulisha vizuri kwa oksijeni, anza kukandamiza kifua, na adrenalini ni maikrogramu 10 kwa kilo.

Moyo uliosimamishwa na neostigmini kwa kawaida si moyo mgonjwa. Umezuiwa tu, na ukiendelea kusukuma damu kwa mikono hadi dawa ifike, mara nyingi hurudi upesi. Kwa hiyo usikate tamaa mapema, na usipoteze sekunde thelathini ukijiuliza kama kukandamiza kifua cha mgonjwa aliyetoka tu kufanyiwa upasuaji ni sawa. Ni sawa.

## Hatua ya 8: Ikiwa picha haifanani na ya neostigmini

Hapa ndipo wengi huchelewa. Wanaona mapigo yako chini, wanatoa atropini mara tatu, presha haiinuki, na hakuna aliyewaza mzio. Jiulize maswali mawili. Je, presha ilianguka kabla au zaidi ya mapigo? Je, kifua kimekuwa kigumu kupumulisha? Jibu likiwa ndiyo kwa mojawapo, mtibu kama mwenye mzio mkali hadi ithibitike vinginevyo. Kumbuka pia kwamba neostigmini nayo inaweza kubana kifua cha mwenye pumu, lakini haiangushi presha namna ile.

Dawa ya mzio huu ni adrenalini. Deksamethasoni na dawa za aleji hazimwokoi mtu aliyekwisha kuporomoka, zitakuja baadaye. Toa maikrogramu 50 kwenye mshipa, yaani ml 5 za mchanganyiko wa maikrogramu 10, na urudie kila dakika moja au mbili kadiri presha inavyojibu. Kama huna mazoea ya kuitoa mshipani au kanula imeharibika, choma mg 0.5 kwenye msuli wa paja. Mwaga maji ya dripu kwa kasi, ml 500 hadi 1,000, inua miguu, na usisimamishe oksijeni.

Sasa tazama ECG. Ukiona sehemu ya ST ya mstari, inayoonyesha moyo kukosa damu, imeinuka au imezama baada ya presha kurudi, fikiria sindromu ya Kounis. Piga ECG kamili ya nyaya 12, chukua damu ya kupima troponini, alama ya moyo ulioumia, na umpigie daktari wa moyo. Adrenalini inaweza kuzidisha kubana kwa mishipa ya moyo, na hili huwatia watu woga. Lakini kwa mgonjwa asiye na presha, kuinyima ni hatari kubwa zaidi. Presha ikishatulia ndipo uache kuiongeza bila sababu, na naitreti, dawa za kutanua mishipa, zinaweza kufikiriwa kama presha inaruhusu. Betabloka usimpe.

Hatua imekamilika ikiwa presha inashikilia bila sindano za kurudia kila dakika, kifua kimelainika, na mgonjwa yuko njiani kwenda chumba cha uangalizi maalumu, si wadi ya kawaida.

## Hatua ya 9: Chumba cha kuzindukia, na karatasi

Mgonjwa aliyepewa neostigmini na atropini bila tatizo abaki kwenye oksimita, na akiwa wa kundi la hatari abaki pia kwenye ECG. Akionekana analegea tena, kope zinashuka, pumzi fupi, usikimbilie kumwongezea neostigmini. Msaidie kupumua kwanza. Aliyepata mzio mkali aangaliwe angalau usiku mzima, kwa sababu dalili zinaweza kurudi.

Andika saa ya kila sindano, nguvu ya ampuli, namba ya toleo la dawa, mapigo ya chini kabisa na muda yaliyochukua kurudi. Ukipata chupa ya damu na maabara inayopima triptasi, alama ya mzio katika damu, chukua sampuli ndani ya saa moja au mbili. Kumbuka kwamba dawa ya kulegeza misuli yenyewe, dawa za kuua vijidudu na mpira wa glavu pia huleta mzio, kwa hiyo orodhesha kila kitu alichopewa katika saa iliyotangulia.

Jaza fomu ya njano ya madhara ya dawa. Tanzania hupelekwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Kenya hupelekwa Bodi ya Famasia na Sumu. Fomu haimtafuti mkosaji. Ni mojawapo ya njia za kujua kama shehena fulani ina kasoro.

Mwisho, mgonjwa akishaamka vizuri, siyo pale kwenye machela akiwa bado na ulimi mzito, keti naye pamoja na ndugu yake na umweleze kilichotokea. Mpe karatasi yenye jina la dawa kwa herufi kubwa, tarehe na kilichompata, na umwombe aitunze pamoja na kadi ya bima. Muuguzi mmoja ninayemfahamu huwaambia wagonjwa waipige picha kwa simu na kumtumia mtu wa nyumbani, kwa sababu karatasi hupotea, na mgonjwa wa dharura ijayo huenda asiweze kuzungumza.